Mashahidi Wawili

Prezida wa halmashauri ya parokia yetu alilichukia neno moja kuliko matusi yote ya Bujumbura, nalo ni "nadhani". Ukimwambia unadhani mvua itanyesha siku ya maandamano ya Ekaristi, alikutazama juu ya miwani na kukuuliza kama wewe ni wingu. Alikuwa mstaafu wa posta, alikopanga barua maisha yake yote, na aliamini kwamba kila kitu duniani, watu wakiwemo, ama kina anwani ama hakina. Chenye anwani kinafika, kisicho nayo kinarudishwa. Tulimwita Prezida, wengine Muzee Prezida, na mke wake naye alimwita hivyo hivyo mbele yetu. Nilikuwa sekretere wake kwa miaka kumi na moja, kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka na kwa sababu sikujua kukataa. Wapo wanaosema alikuwa mtakatifu. Siku zote wakisema hivyo nanyamaza, lakini leo sinyamazi.

Mwaka wa halmashauri haukuanza Januari, ulianza na majivu. Desturi yetu ilikuwa kwamba kila Mkristo arudishe tawi lake la mchikichi alilopewa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, tuyachome yote nyuma ya kanisa, tupate majivu ya Jumatano ya Majivu. Parokia nyingine zilipokea tu yaliyoletwa. Prezida aliweka meza mlangoni. Aliyerudisha tawi aliwekewa alama kwenye jina lake na kupewa majivu kwanza, asiye na tawi alisimama mwisho wa mstari, nyuma ya watoto, ili watu wamwone. Kabla ya vita ilikuwa mchezo tu. Vita vilipoanza, wakaja watu waliokimbia kutoka milimani juu ya mji, wakilala kwa ndugu zao mtaani Ngagara, familia mbili tatu katika vyumba viwili. Mwanamke mmoja alifika mezani mikono mitupu, akasema nyumba yake iliungua na kila kilichokuwa ndani.

"Iliungua yote?" Prezida akamuuliza.

"Yote, Muzee."

"Basi majivu unayo. Pita mwisho."

Nilicheka. Sitaki kujificha nyuma ya wengine: nilicheka mimi, akacheka katekista, na mstari mzima ukacheka, maana Prezida akitania, ulicheka. Yule mama alikwenda mwisho wa mstari, akasubiri nyuma ya watoto, akapakwa majivu kama wengine. Mwaka uliofuata alirudi na tawi. Sijui alilitoa wapi.

Prezida alikuwa na kipaji hicho cha kuujua mfupa ulipovunjika na kuubonyeza hapo hapo. Mwezi wa Disemba halmashauri ilitembelea nyumba za wajane ili kujua nani apelekewe maharage ya Noeli. Sisi wengine tuliuliza maswali. Prezida hakuuliza kitu, alikwenda moja kwa moja jikoni akafunua chungu. Kwa mjane wa mtaa wa tatu alikuta kipande cha nyama. Mjane akaeleza kwamba jirani amemletea kwa ajili ya mtoto anayeumwa. Prezida akafunika chungu taratibu, kwa heshima kabisa, akasema, "Mungu amekutangulia kukupa, sisi tumechelewa." Tukaondoka na maharage yetu. Njiani alinieleza kwamba huruma bila kuchungulia ni uvivu.

Wanafunzi wa ubatizo walimwogopa kuliko Padri. Kwenye mtihani wa Pasaka alimkalisha mtu mzima, fundi wa kuchomelea mwenye mikono minene, na kumuuliza amri ya tano. Fundi akajibu vizuri, usiue. Prezida akamuuliza, "Na ukiona wanaua?" Fundi akasema hiyo haimo katika kitabu. "Haimo," Prezida akakubali, akamwandikia kwamba amefaulu, kisha akatoka nje na kukaa huko mpaka mtihani ukaisha. Tulidhani ameshikwa na tumbo.

Lakini nikisema mabaya tu nitakuwa mwongo, na yeye angekuwa wa kwanza kunikamata. Kuna mchana mmoja, katika ile miaka ya mwanzo, watu wapatao thelathini walikimbilia ukumbi wa parokia, na nyuma yao wakaja vijana wenye marungu na mmoja mwenye guruneti mfukoni. Padri alikuwa amekwenda kwa askofu. Prezida alitoka peke yake, amevaa koti lake la posta na ile kengele ya misa mkononi, akasimama getini na kuanza kuwaita vijana kwa majina ya ubatizo. Mmoja baada ya mwingine, pamoja na jina la mama wa kila mmoja na mwaka aliopata komunyo ya kwanza. Kila jina akagonga kengele. Barabara nzima ilikuwa inatazama kupitia madirishani. Vijana waliona haya, wakasema wamepotea njia, wakaondoka. Mimi nilikuwa chini ya meza ya ofisi, na tangu siku hiyo niliamini kwamba mtu yule haogopi. Mbele ya watu alikuwa simba kweli. Sikujiuliza anakuwaje akiwa peke yake.

Sasa nije kwenye Novemba, maana hapo ndipo aliponigusa mimi mwenyewe.

Kila tarehe mbili Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, halmashauri ilitoa orodha ya Wakristo wetu waliofariki mwaka ule, na Prezida akaisoma altareni kwa sauti yake ya kuita barua. Kwetu msiba haukwishi kwa kuzika. Unakwisha kwa ganduro, siku ndugu wanapokusanyika, wanakunywa, neno la mwisho linasemwa, na aliyefiwa anaruhusiwa kuvaa nguo ya rangi, kuoza mtoto, kucheka bila kujitazama. Na katika parokia yetu hakuna aliyethubutu kufanya ganduro kabla jina halijasomwa. Jina lisiposomwa, maiti yako iko hewani, na wewe uko hewani pamoja nayo.

Mwaka wa kwanza wa vita tulisoma kila jina lililoletwa. Tulisoma jina la Salvator, fundi wa baiskeli, aliyepotea siku ile walipochoma soko dogo. Mke wake akafanya ganduro, akasubiri kidogo, akaolewa na mtu wa Kinindo. Pasaka iliyofuata, katikati ya Gloria, Salvator akaingia kwa mguu wake. Alikuwa Uvira, amejificha, amekonda, amevaa shati la mtu mwingine. Watu walipiga kelele, mwimbaji mmoja akazimia. Baada ya misa alikuja ofisini kumwomba Prezida aliondoe jina lake kwenye orodha ya marehemu. Prezida alipekua vitabu wiki nzima. Ibada ya kusoma jina ipo, ya kulirudisha haipo. Salvator aliishi miaka sita zaidi, akitengeneza baiskeli chini ya ukuta wa shule, na hata watoto walimwita Marehemu. "Peleka gurudumu kwa Marehemu." Aliitika.

Hapo ndipo Prezida alipoweka sheria. Hakuna jina bila mashahidi wawili waliouona mwili. Shahidi anakaa kwenye benchi mbele ya meza ya halmashauri, anaulizwa maswali matatu, na sekretere anaandika. Uliona kwa macho yako? Alikuwa amevaa nini? Na wewe, ulikuwa umesimama wapi? Alisema swali la tatu ndilo linalomtenga shahidi na msimulizi, kwa sababu aliyeona alikuwa mahali fulani, na mahali hapo pana jina.

Sheria ilikuwa nzuri, nami niliitetea. Lakini nilimwona akiitumia. Nilimwona mwanamke aliyekuja kumshuhudia mume wake, yeye na shemeji yake, akiwa ameshika rozari kana kwamba inaungua.

"Na we, ulikuwa unasimama wapi?"

"Nilikuwa mu mihogo, Muzee. Nilikuwa nalala chini, wasinione."

"Kulala si kusimama. Kutoka chini uliona nini?"

"Niliona miguu."

"Miguu ya nani?"

"Ya bwana yangu. Mi najua miguu ya bwana yangu."

Prezida akanigeukia. "Sekretere, andika: aliona miguu."

Nikaandika. Jina halikusomwa. Yule mama alibaki na kitambaa cheusi kichwani mpaka alipohamia Gitega, na huko sijui.

Mdogo wangu Evariste alitoka nyumbani Jumamosi, kesho yake ikiwa Jumapili ya Matawi, asubuhi saa tatu. Alikuwa anakwenda Mutanga Nord kwa rafiki yake, kuchukua kitabu cha hesabu. Wiki ile vijana walikuwa wanafunga barabara kwa bariyeri za mawe na matairi, lakini walifunga hapa wakafungua pale, na ukikaa ndani kila wanapofunga, hungesoma kamwe. Alivaa sweta ya kijani aliyofumiwa na Mama. Kwa haraka yake aliivaa ndani nje, mishono yote inaonekana. Nilikuwa mlangoni nachambua mchele, nikacheka mpaka mchele ukamwagika. Nikamwambia wasichana wa Mutanga watamwona punguani.

"Nitaigeuza nikifika," akasema.

Sikumwambia mtu habari ya sweta ile kuvaliwa vibaya. Mama alimweleza kila mtu sweta ya kijani, mkono kwa mkono, mtaa kwa mtaa, lakini nilivyomwacha mdogo wangu atoke nyumbani kama punguani na kumcheka, hilo nililiweka kwangu.

Hakufika Mutanga Nord. Hakurudi. Mwaka ule Mama alikwenda hospitali zote, na kwenye mto, na kwa wanajeshi, na kwa vijana wenyewe. Ilipofika Oktoba alikuwa ameshajua, kama mama wanavyojua. Akaja mbele ya halmashauri, akakaa kwenye benchi. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza, kalamu mkononi.

"Mama Evariste, uliona na macho yako?"

"Apana, Muzee."

"Nani aliona?"

"Watu wanasema kwamba kwa ile bariyeri ya kupanda Mutanga..."

"Watu si shahidi."

"Muzee Prezida, mi siombi arudi. Naomba asomwe tu."

Nakumbuka kwamba Prezida hakumtazama. Alikuwa na tabia ya kumkazia macho kila aliyekaa kwenye benchi lile, lakini siku hiyo alitazama meza. Nilidhani ananihurumia mimi. Akasema, "Sekretere, andika," na mimi, kwa mwandiko wangu mzuri, mbele ya mama yangu, nikaandika jina la mdogo wangu na mbele yake neno Limekataliwa.

Mama alikuja hivyo kila mwaka, miaka tisa. Mwaka mmoja alimleta muuza mkaa aliyesikia kelele. "Alisikia," Prezida akasema, "sikio halioni." Mwaka mwingine alileta kiatu kilichookotwa mtaroni, kimeliwa na maji, nusu. Prezida alikigeuza kwa ncha ya kalamu. "Kiatu si mutu, Mama Evariste." Na hakuwahi, katika miaka yote tisa, kuuliza juu yake lile swali la pili wala la tatu. Kila mara aliishia la kwanza. Niliona, nikadhani ni kwa sababu hakukuwa na haja.

Bila ganduro hakuna harusi nyumbani. Mchumba wangu alikuwa mwalimu, mtu mpole, alisubiri mpaka Novemba ya tatu ikapita. Ya nne aliniambia kwamba mama yake naye anazeeka. Sikumlaumu. Nilimlaumu Prezida, kisha Jumamosi nikaenda ofisini kwake kama kawaida, nikanoa penseli zake.

Utauliza kwa nini sikuacha. Kwa sababu ya matawi. Kila Jumapili ya Matawi, baada ya misa, Prezida alikuja nyumbani kwetu kwa miguu, na koti lake, akiwa amebeba tawi moja refu kuliko yote, bichi kabisa, amemchagulia Mama. Hakuwahi kumpelekea mtu mwingine, hata Padri. Hakukaa, hakunywa. Alimpa kwa mikono miwili na kuondoka. Mama alilipachika juu ya mlango. Mwanzoni alisema ni ili Evariste aijue nyumba, baadaye hakusema kitu, alipachika tu. Majirani walisema, mnaona, yule mzee ana moyo. Mama yeye alisema, "Ule mutu ana roho mbili, na zote hazilali."

Mama alikufa Kwaresima, vita vikiwa vinakwisha na watu wameanza kuzungumza habari za uchaguzi. Tulimzika na nguo nyeusi kwa sababu nyingine hakuwa nayo. Prezida alikuja makaburini, akasimama mbali. Novemba ile alisoma jina la Mama, ukurasa wa kwanza, sauti wazi, mashahidi wasiohesabika. Ilikuwa orodha yake ya mwisho. Sukari ilikuwa imeanza kumla macho, na Januari alijiuzulu. Halmashauri ilinipa kiti chake. Hakuna aliyejua kazi kama mimi, walisema, na walisema kweli.

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, mwaka ule ule nilioanza mimi, nilikuwa peke yangu ofisini mchana, naandaa orodha. Kwaya ilikuwa inafanya mazoezi kanisani, ikirudia mstari mmoja ule ule kwa sababu sauti ya pili ilikuwa inakosea. Nikasikia fimbo. Prezida akaingia, akapapasa ukuta. Nikasimama kumpisha kwenye kiti chake cha zamani. Akakataa kwa mkono. Akalitafuta benchi la mashahidi kwa goti, akakaa.

"Nakuja kushuhudia," akasema.

"Jina la marehemu?"

"Evariste."

Mikono yangu ilifungua daftari yenyewe. Ilikuwa njia moja tu niliyoijua ya kuongea na mtu aliyekaa kwenye benchi lile, na alinifundisha yeye.

"Uliona na macho yako?"

"Niliona. Wakati ule yalikuwa yanaona."

"Alikuwa anavaa nini?"

"Sweta ya kijani."

Nikataka kufunga daftari. Sweta ile parokia nzima iliijua, Mama aliitangaza mpaka kwa wauza samaki. Nikafikiri uzee umemla akili, amekuja na hadithi ya mama yangu kunirudishia mimi. Akaongeza, polepole, "Alikuwa anaivaa vibaya. Ndani ilikuwa inje. Mishono yote ilikuwa inaonekana."

Kwaya ikaanza tena mstari ule ule. Nilisubiri waumalize.

"Na we, Muzee, ulikuwa unasimama wapi?"

Aliinua uso. Nadhani hakutarajia kwamba ningelifikia. Au ndilo alilolijia.

"Sikusimama," akasema. "Nilikuwa nakaa. Mu gari. Nilitoka Kinindo kutafuta matawi, nilikuwa napeleka fungu moja kwa masista wa Mutanga. Kwa bariyeri wakanisimamisha. Walikuwa wanamushika. Kijana mumoja akainama kwa dirisha, akaniuliza: Muzee, huyu anasema anasali kwenu, anasema we ni Prezida wake. Unamujua?"

"Ukasema nini?"

"Evariste alikuwa ananiangalia."

"Ukasema nini, Muzee?"

Midomo yake ilitafuta. Mtu aliyesoma majina ya marehemu miaka yote ile bila kujikwaa alikuwa anatafuta maneno mawili.

"Nilisema... nadhani simujui."

Ndivyo alivyosema. Baadaye nilipekua kumbukumbu zetu za vikao vya kabla ya Pasaka ile, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na neno lile limo humo kinywani mwake kila ukurasa. Prezida anadhani ukumbi upakwe rangi. Prezida anadhani kwaya ianze mapema. Kuanzia mwezi uliofuata halionekani tena.

Akaendelea bila kuulizwa. Walimwambia apite. Akafunga kioo. Alipofika kona alitazama kwenye kioo cha gari, akaona, na alichoona alikieleza, na sitakiandika hapa. Matawi aliyafikisha kwa masista. Kesho yake alitugawia yaliyobaki, mimi na Mama tukiwa mstari wa mbele, Mama akimuuliza kama huko alikopita jana hakumwona kijana wake. Tawi lile ndilo la kwanza Mama alilopachika mlangoni. Lilitoka katika gari lile.

"Kwa nini hukusema Mama akiwa hai?"

"Angeniuliza swali la tatu."

Nilikuwa nimewaza kwa miaka kwamba siku nikimjua aliyemwona Evariste wa mwisho, nitalia, nitamshika miguu, nitamwomba anieleze kila kitu mara mbili. Sikulia. Kilichonijaa kifuani kilikuwa furaha, naisema kama ilivyokuwa, furaha kali, kama ya mtu aliyeshika mwizi na mwizi akawa ni yule aliyekuwa anamshuku tangu mwanzo. Nikaandika yote. Nikachora mstari chini yake.

"Umeandika?"

"Nimeandika. Shahidi mumoja."

"Wengine walioona ni wale wenye walimuua, Sekretere."

"Uwalete. Wakae hapo. Nitawauliza maswali matatu."

"Mwanangu, unajua kwamba ni kweli. Hiyo sweta, unajua."

"Mi najua. Lakini mi sikuwa kwa bariyeri. Mi si shahidi. Sheria ni mashahidi wawili, Muzee, na sheria uliiweka wewe. Ni sheria nzuri."

"Unanitesa."

"Apana. Naandika tu."

Hapo ndipo alipolia, mzee mzima, miwani isiyomsaidia tena kuona chochote ikijaa maji. Wanasema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na mimi niliutazama ukiingia. Aliomba jina lisomwe Novemba ile moja tu, akiwa bado anasikia. Nilimwambia arudi mwakani na mwenzake. Nikamshika mkono mpaka mlangoni, kwa sababu kuna ngazi mbili, na sikutaka aanguke.

Alikufa kabla ya Noeli. Mwaka uliofuata jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha, nikalisoma mimi altareni, sauti wazi. Mashahidi walikuwa parokia nzima. Watu walilia, na mke wake alifanya ganduro kubwa, nami nikaenda, nikanywa, nikasikiliza hotuba kuhusu mchana wa kengele.

Jina la mdogo wangu halijasomwa. Wanaonijua huniuliza, na ninawaambia kwamba nikilisoma kwa shahidi mmoja, yule mama aliyeona miguu atarudi kutoka Gitega kuniuliza kwa nini, na sitakuwa na jibu. Hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Nikilisoma, nitakuwa nimeupokea ushahidi wa Prezida. Alichokileta kwenye benchi lile kitakuwa kimefika, naye atapumzika huko aliko. Kwa hiyo kimebaki daftarini, ukurasa wenye mstari chini yake, na mimi nimebaki na nguo zangu nyeusi, nywele zinageuka nyeupe, na juu ya mlango wetu hakuna tawi.

Padri mpya ni kijana. Mwezi uliopita alisoma daftari zote, akaja ofisini akiwa amekunja uso, akaniambia kwa upole kwamba sheria ile ilikuwa ya Prezida, na Prezida amekwishakufa, na kwamba Evariste amesubiri vya kutosha. Aliniuliza kama nitalisoma mwaka huu.

Nilimjibu kwamba nadhani mwakani.